Kingamwili ya ZO-1 inanipa ukungu wa kijani badala ya wavu. Kosa liko wapi?

Swali: Shikamoo Daktari. Niko kwenye shahada ya uzamili, nachunguza jinsi bakteria wa E. coli wa kundi la EPEC, wale wanaosababisha kuhara kwa watoto wachanga, wanavyofungua mianya kati ya seli za utumbo. Natumia seli za Caco-2. Nimepewa kingamwili ya panya inayotambua ZO-1 ya binadamu, protini ya mipakani mwa seli, tayari imeunganishwa na rangi ya Alexa Fluor 488. Kwenye makala za watu naona wavu safi wa kijani, kila seli imezungushiwa mstari. Mimi napata ukungu, vidoa vidogo vinavyometameta, na viini vya seli navyo vinang'aa kidogo. Nilifiksi, yaani nilizikaza seli zibaki zilivyo, kwa paraformaldehaidi asilimia 4, kisha nikatumia Triton X-100, sabuni ya kutoboa utando. Je, kingamwili imeharibika? Msimamizi wangu anataka nipime ukali wa mwanga ili kuonyesha kwamba ZO-1 hupungua baada ya maambukizi. Na je, kingamwili hiyohiyo naweza kuitumia kwenye bloti ya Western, ya kupima protini iliyotoka kwenye jeli?

Jibu: Marahaba. Kabla hujaandika barua ya malalamiko kwa waliokuuzia, irudishe slaidi hiyohiyo kwenye hadubini. Tafuta viini kwa rangi ya DAPI kama kawaida, halafu panda juu taratibu kwa skrubu ndogo, mikromita 5, 10, hata 15, jicho likiwa kwenye kijani na si kwenye buluu. Kwa maelezo uliyonipa, naona uwezekano mkubwa kwamba wavu unaoutafuta upo, ila umekaa ghorofa ya juu na wewe unapiga picha ghorofa ya chini.

Sababu yake ni hii. ZO-1 haikutapakaa mwilini mwa seli. Imejipanga kama mkanda mwembamba chini tu ya utando, karibu kabisa na kilele cha seli, pale seli jirani zinapobanana ili maji na vijidudu visipite katikati, yaani kwenye maungio ya kubana. Seli za Caco-2 zilizokomaa ni ndefu, hufikia mikromita 20 na zaidi, na kiini kiko chini. Karibu kila mwanafunzi hulenga kwa DAPI kwa sababu ndiyo inayong'aa kuliko zote, kisha hufungua kichujio cha kijani bila kugusa skrubu. Anachokiona hapo ni mwanga wa mkanda wa juu ulioshuka ukiwa umetawanyika, yaani ukungu. Kwenye hadubini ya kawaida ya fluoresensi tatizo huwa kubwa zaidi, maana mwanga wa tabaka zote hufika kwenye kamera kwa pamoja. Hadubini ya konfoko hukata tabaka moja moja. Ukiwa nayo, piga mfululizo wa picha kila baada ya nusu mikromita kutoka chini hadi juu, kisha zikunje kuwa picha moja kwa kuchukua nukta yenye mwanga mkali zaidi katika kila mahali. Programu ya Fiji hufanya kazi hiyo bure.

Kama seli umezipanda juu ya kichujio cha plastiki chenye vitundu, hakikisha umekikata na kukilaza upande wa seli ukitazama kioo chembamba. Lenzi ya mafuta ya 63 huona umbali mfupi mno, chini ya robo ya milimita, na ukiipitisha kwenye plastiki kwanza hutapata mstari wowote, hata kingamwili iwe bora kiasi gani.

Hukusema seli zilikuwa na umri gani, na hilo lina uzito. Caco-2 zilitokana na saratani ya utumbo mpana ya mzee wa miaka 72, zikaanza kukuzwa maabara miaka ya 1970 na Jørgen Fogh wa Sloan-Kettering, New York. Sifa iliyozipa umaarufu ni kwamba zikijaza chombo na kuachwa, hubadilika zenyewe na kufanana na seli za utumbo mwembamba. Mabadiliko hayo huchukua takriban siku 21. Mipaka yenye ZO-1 huanza kuonekana mapema zaidi, mara tu seli zinaposongamana, lakini huwa imepinda, haijakamilika, na kimo chake hutofautiana kutoka seli moja hadi nyingine. Ukipiga picha mahali ambapo seli bado zina nafasi kati yao, hakuna mkanda wa kuona. Tena mwaka 1996 Cara Gottardi na wenzake walionyesha kwamba ZO-1 huweza kuonekana ndani ya kiini kabla maungio hayajakomaa, na pia pembezoni mwa jeraha ambako seli zinajipanga upya. Kwa hiyo ule mng'ao wa viini unaweza kuwa kweli, na unaweza kuwa uchafu. Kwa kutazama tu huwezi kujua. Nitalirudia jambo hili chini kwenye kontroli, yaani slaidi za kulinganishia.

Sasa tuitazame protini yenyewe, maana tabia zake ndizo zinazoamua kingamwili ifanyiwe nini. Kingamwili ndiyo iliyotangulia hapa. Bruce Stevenson, Daniel Goodenough na wenzao walichukua vipande vya utando wa ini la panya vyenye maungio mengi, wakavitumia kuchanja, kisha wakatafuta kingamwili zilizowaka kwenye maungio. Kilichonaswa na kingamwili hiyo ndicho walichokitangaza mwaka 1986 kwa jina la ZO-1. Ni molekuli kubwa: ya binadamu ina amino asidi 1748, na kwenye jeli husimama karibu na kilodaltoni 220. Haina kazi ya kikemia inayoifanya. Ina kipande kinachofanana na kimeng'enya cha kuongeza fosfeti, lakini kipande hicho hakiongezi kitu. Kazi ya ZO-1 ni kushika wengine, ndiyo maana huitwa protini ya kiunzi. Sehemu yake ya PDZ ya kwanza hushika mikia ya klodini, ya pili huungana na ndugu zake ZO-2 na ZO-3, ya tatu hushika JAM-A, protini nyingine ya maungio. Mbele kidogo hukamata okludini, nayo ya maungio, na mwishoni hushika nyuzi za aktini zinazoipa seli umbo. Klodini ndizo zinazoziba mwanya; ZO-1 huziambia zizibe wapi.

Protini iliyoshikwa pande zote hivyo ina maana moja kwako wewe mwenye kingamwili: mahali kingamwili inapotakiwa kushika panaweza kuwa pameshikwa tayari. Na paraformaldehaidi huongeza ugumu, kwa kuwa kazi yake ni kufunga protini na jirani zake kwa vifungo vya kudumu. Asilimia 4 kwa nusu saa inaweza kuufunga mlango kabisa. Kingamwili nyingine hazijali, nyingine hukataa kabisa, na hutajua yako iko kundi gani mpaka ujaribu.

Jaribu hivi, kwenye sahani moja, siku moja, seli za umri mmoja. Kundi moja lifiksi kwa methanoli iliyolala kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, dakika 5 hadi 10, bila Triton, maana methanoli huondoa mafuta ya utando na kufungua njia yenyewe. Kundi la pili tumia paraformaldehaidi asilimia 1 au 2 kwa dakika 10, na la tatu ile 4 uliyozoea. Makundi haya mawili ya mwisho yapate Triton asilimia 0.1 hadi 0.2. Kwa kingamwili nyingi za maungio, binafsi huanza na methanoli, na mara nyingi siendi mbali zaidi. Ila ina gharama yake: huharibu umbo la aktini, na faloidini, ambayo hutumika kuionyesha aktini, haitashika tena. Wewe unafanya kazi na EPEC, bakteria ambao hujijengea vijukwaa vya aktini juu ya seli, kwa hiyo bila shaka utataka faloidini siku moja. Siku hiyo utalazimika kurudi kwenye paraformaldehaidi, na ni vizuri ujue mapema kingamwili yako inavumilia kiasi gani.

Paraformaldehaidi yenyewe iwe mpya. Chupa iliyokaa mezani wiki kadhaa hubadilika tindikali polepole, na seli hupata mwanga wa kijani ambao haukutokana na rangi yoyote. Baada ya kufiksi, osha kwa kloridi ya amonia ya milimola 50 au glisini kwa dakika 10 ili kumaliza aldehaidi zilizobaki, vinginevyo zitaishika kingamwili yako popote zitakapoikuta. Ukungu wa aina hiyo huwa sawia, umefunika kila kitu, hata mahali pasipo na seli.

Vile vidoa vinavyometameta ni habari nyingine, na hiyo haina siri kubwa: ni mabonge ya kingamwili. Kingamwili zenye rangi huganda zenyewe kwa zenyewe, hasa zikigandishwa kwenye friza na kuyeyuka. Iweke kwenye friji ya kawaida, nyuzi 2 hadi 8, imefungwa karatasi ya alumini, na usiigandishe kamwe isipokuwa karatasi ya mtengenezaji imeruhusu. Nasema hivi kwa sababu huku kwetu mzigo ukikwama uwanja wa ndege, mtu mwenye nia njema huuchukua na kuutia kwenye friza "usiharibike". Siku chache za joto la kawaida kingamwili nyingi huvumilia. Kuganda na kuyeyuka mara kadhaa huiua. Kila kabla ya kutumia, zungusha kichupa kwenye sentrifuji kwa nguvu ya 10,000 g dakika 5 hadi 10 ukiwa kwenye baridi, na uchukue maji ya juu tu. Vidoa vikipungua sana, umeshajua chanzo.

Tuje kwenye rangi. Alexa Fluor 488 hunyonya mwanga wa buluu karibu na nanomita 495 na kutoa kijani karibu na 520, ndiyo maana leza ya 488 inaifaa. Jina halina maana ya kikemia: familia hii ya rangi ilitengenezwa na kampuni ya Molecular Probes ya Eugene, Oregon, na Alexa limetokana na Alex, mtoto wa mwanzilishi wake Richard Haugland. Ubora wake dhidi ya fluoresini ya zamani ni kwamba haifi haraka kwenye mwanga na haijali sana uchachu wa bafa. Fluoresini hupoteza nguvu kadiri tindikali inavyoongezeka.

Lakini chaneli ya kijani haijawahi kuwa tupu. Albert Coons wa Harvard, aliyekuwa wa kwanza kufunga rangi inayong'aa kwenye kingamwili, mwaka 1941 alitumia rangi ya buluu dhidi ya bakteria wa nimokoka, akakuta tishu zenyewe zinang'aa buluu na kumchanganya. Mwaka uliofuata akahamia fluoresini ya kijani. Aliponea hapo kiasi, si kabisa, maana flavini zilizo ndani ya kila seli hai hutoa kijani, na mabaki ya uzee ya lipofusini hung'aa karibu rangi zote. Seli za Caco-2 za wiki tatu zinaweza kuwa na vyote viwili. Kwa hiyo slaidi ya kwanza kabisa kwenye kila jaribio ni ile isiyotiwa rangi yoyote, iliyofiksiwa vilevile, ikapigwa picha kwa mipangilio ileile ya leza na kamera. Kama ukungu uko pale, kingamwili haina hatia. Wengi huiruka slaidi hii kwa kuwa haipendezi kwenye makala.

Halafu kuna kiasi. Nadhani ulichukua kipimo cha kuzimua kutoka kwenye makala ya mtu aliyetumia kingamwili mbili: ya kwanza tupu, ya pili yenye rangi. Njia hiyo hukuza mwanga, kwa sababu kwenye kila kingamwili ya kwanza hukaa za pili kadhaa, kila moja na rangi zake. Yako inabeba rangi zake tu, kwa kawaida molekuli 4 hadi 7 kwa kingamwili moja, basi. ZO-1 imejaa vya kutosha kwenye maungio kiasi kwamba njia ya moja kwa moja inatosha, lakini "1 kwa 500" ya mtu mwingine haikuhusu. Soma kwenye karatasi kingamwili yako ina miligramu ngapi kwa mililita, kisha ufikirie kwa mikrogramu: jaribu 1, 2, 5 na 10 kwa mililita. Katika kila picha pima mwanga wa mpakani, pima na wa katikati ya seli, gawanya wa kwanza kwa wa pili. Chagua kiasi chenye uwiano mkubwa. Usichague picha inayong'aa zaidi, maana kingamwili ikizidi huanza kushika isipohusika, na hapo ukungu wako unaweza kuwa umeutengeneza mwenyewe. Jambo hilohilo hutokea anayefunga rangi mwenyewe akizidisha: molekuli za rangi zikikaribiana mno huzimana zenyewe, na kingamwili inakuwa yenye kunata.

Faida ya kingamwili yenye rangi yake ni kwamba hapo baadaye unaweza kuichanganya na kingamwili nyingine ya panya kwenye slaidi moja, mathalani dhidi ya klodini. Hapa wengi huanguka. Ukitangulia na ile ya klodini isiyo na rangi, ukaifuatisha na ya pili dhidi ya panya, hiyo ya pili ina mikono miwili na mkono mmoja huweza kubaki wazi. Ukimwaga ZO-1 yako juu yake, itadakwa na mkono huo, na utaona ZO-1 na klodini zimekaa pamoja kikamilifu kwa sababu zisizohusu maumbile. Dawa yake ni kuziba mikono hiyo kwa seramu ya panya wa kawaida kwa nusu saa, kisha ZO-1 iingie mwisho kabisa. Na uwe na slaidi ya kontroli ambamo kingamwili ya klodini haikuwekwa.

Sasa kontroli zinazothibitisha kwamba kijani chako ni ZO-1. Rahisi kuliko zote haikugharimu chochote: fiksi kwa paraformaldehaidi, usiweke Triton. ZO-1 iko ndani ya seli, na kingamwili ya kilodaltoni 150 haipenyi utando uliokamilika. Mipaka inapaswa kutoweka. Chochote kitakachobaki kinang'aa sana kiko juu ya seli, na hicho si unachokitafuta. Ya pili ni kingamwili ya panya isiyo na shabaha, ya aina ileile ya IgG na rangi ileile, kwa mikrogramu zilezile. Zilezile kweli, si kuzimua kulekule, maana kichupa kimoja kinaweza kuwa kizito mara tano kuliko kingine. Kama viini vinang'aa nayo pia, habari ya ZO-1 ndani ya kiini imekwisha.

Ya tatu ndiyo niipendayo, kwa sababu inatumia maisha ya seli yenyewe. Maungio haya yanategemea kalsiamu. Weka EGTA, kemikali inayokamata kalsiamu, ya milimola 2 hadi 4 kwenye seli hai, fuatilia kwa nusu saa hadi saa moja, na utaona mipaka ikikatika na ZO-1 ikirudi ndani. Osha, rudisha midia ya kawaida ya kukuzia seli (DMEM ina kalsiamu ya milimola 1.8), na ndani ya saa kadhaa mipaka hujijenga upya. Kingamwili inayofuata safari hiyo kwenda na kurudi inaona kitu cha kweli kwenye maungio. Zaidi ya hapo, kwako inakuwa pia kipimo cha uharibifu: utajua mipaka iliyovunjika inafananaje kabla hujaanza kuwalaumu bakteria.

Thibitisho zito zaidi ni kuiondoa jeni yenyewe, inayoitwa TJP1, au kuipunguza kwa siRNA, vipande vya RNA vinavyoinyamazisha jeni, na kuona mwanga ukishuka. Kikundi cha wanasayansi wakiongozwa na Mathias Uhlén wa Sweden, katika pendekezo lao la mwaka 2016 kuhusu uthibitisho wa kingamwili, waliiweka njia hii ya jeni miongoni mwa nguzo tano, pamoja na kulinganisha kingamwili mbili zinazoshika sehemu tofauti za protini moja. Kama bajeti yako haifiki kwenye siRNA, azima kingamwili ya sungura dhidi ya ZO-1 kutoka maabara jirani, hata mikrolita chache, uilinganishe na yako kwenye seli moja kwa rangi mbili. Ila usifanye kosa la kutumia fibroblasti kama seli "zisizo na ZO-1". Hazina maungio ya kubana, ni kweli, lakini ZO-1 wanayo, na huikusanya pale wanapogusana kwa kadherini, protini za kushikanisha seli. Utaona mwanga, utadhani kingamwili inadanganya, kumbe inasema ukweli. Misuli ya moyo nayo inayo.

Nimeongea sana kuhusu picha, lakini lililonishtua katika barua yako ni ombi la msimamizi. Mheshimu, lakini mpelekee hoja hii. Ukali wa mwanga wa ZO-1 ni kipimo dhaifu cha swali lenu. Kwa protini ya kiunzi, habari iko kwenye mahali ilipo, na kiasi chake kinaweza kubaki vilevile huku kizuizi kimevuja. EPEC huingiza protini zake ndani ya seli kwa kisindano chao, EspF na Map zikiwa miongoni mwake, na maungio huvurugika. ZO-1 inaweza kuhama kutoka mpakani kwenda ndani bila hata molekuli moja kupotea. Ukijumlisha mwanga wa picha nzima, namba itatoka ileile, nanyi mtaandika kwamba hakuna athari.

Kinyume chake pia hutokea. Mwaka 2004 Kazuaki Umeda na wenzake nchini Japani walitengeneza seli za panya zisizo na ZO-1 kabisa, na maungio yalijengeka, ingawa kwa kuchelewa. Ni pale walipoondoa ZO-1 na ZO-2 kwa pamoja, katika kazi ya 2006, ndipo klodini zilipokosa pa kujipanga. Kwa hiyo ZO-1 pungufu haimaanishi lazima kizuizi kimefunguka, wala ZO-1 nzuri pichani haimaanishi kimefungwa. Kufungwa hupimwa kwa umeme, kwa ukinzani kati ya upande wa juu na wa chini wa seli zilizo kwenye kichujio, au kwa kuweka dekstrani, molekuli kubwa ya sukari, yenye rangi juu na kupima iliyopita chini. Pimeni hilo kwenye vichujio vilevile mtakavyovipiga picha.

Kwenye picha zenyewe, pima mambo mawili: uwiano wa mpakani na wa ndani ya seli, ule uliokwisha kuutumia kuchagua kiasi, na urefu wa mpaka uliokatika ukilinganisha na mpaka wote. Leza, muda wa kamera na kila mpangilio uwe uleule kwa sampuli zote, na pasiwe na nukta iliyojaa hadi kikomo, maana nukta iliyojaa haihesabiki. Changanya mpangilio wa kupiga picha: isiwe walioambukizwa wote asubuhi na wenye afya wote jioni, rangi ikiwa imeshafifia. Anayehesabu asijue sampuli ipi ni ipi. Na picha kumi za kisima kimoja ni jaribio moja, si majaribio kumi. Maambukizi matatu ya siku tofauti ndiyo yanayoanza kukupa haki ya kuongelea takwimu. DAPI itakuonyesha pia vishada vya bakteria, na unaweza kuuliza swali zuri kuliko la msimamizi: je, mpaka hukatika palepale bakteria walipotua, au hata mbali nao? Mshukuru Mungu pia kwamba bakteria wako si Staphylococcus aureus. Huyo ana protini A inayoshika mguu wa kingamwili nyingi za aina hii, na bakteria wenyewe wangeweza kuwaka kijani.

Bloti ya Western: hapana. Kiufundi inawezekana kama mashine yenu ina leza ya buluu, lakini karatasi ya bloti yenyewe hung'aa kijani, na mwanga hafifu wa kingamwili isiyokuzwa utazama humo. Nunua ileile isiyo na rangi. Tumia jeli nyepesi ya asilimia 6, na uhamishe usiku kucha kwenye baridi kwa umeme mdogo, maana molekuli ya kilodaltoni 220 haina haraka ya kutoka kwenye jeli. Bloti hiyo, ikiwa na protini ya kulinganishia, ndiyo itakayomjibu msimamizi wako swali lake la kama ZO-1 imepungua.

Anza na skrubu ya hadubini na slaidi isiyotiwa rangi. Hizo hazihitaji pesa. Wavu ukigoma hata baada ya methanoli, niandikie tena ukitaja umri wa seli, mikrogramu ulizotumia na namba ya toleo la kichupa, na unitumie mfululizo mzima wa picha za konfoko zikiwa ghafi, kama zilivyotoka kwenye mashine. Picha iliyopigwa kwa simu kupitia kioo cha macho sitaweza kuisoma.